Jiwe la Kilo Tano Kwenye Benchi la Tatu

Ijumaa, 5 Juni

Kwa Mtunza Kanisa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Kazi yangu ni kuzunguka miji midogo nikipima mizani za maduka, maghala na zahanati, kuona kama zinasema kweli. Inayosema kweli naibandika stika ya kijani yenye tarehe. Jumatano iliyopita nilikuwa kwenu. Nilipomaliza kazi, gari la ofisi lilikuwa bado halijanifuata, nikaingia kanisani kusali kidogo. Ndiyo desturi yangu nikiwa safarini: kila mji natafuta kanisa, nakaa benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto, nasali, naondoka. Kanisa lenu lilikuwa tupu na kimya kabisa. Kulikuwa na ndoo ya maji karibu na mlango na harufu ya dawa ya kung'arishia mbao, lakini mtu hakuwepo, nami nilifurahi.

Rozari yangu huwa naiweka kwenye sanduku la mawe ya kupimia, chini kabisa. Ili niipate ilibidi nitoe jiwe la kilo tano. Tunaliita jiwe ila ni chuma, lina kishikio, na namba imechongwa ubavuni. Nadhani nililiacha juu ya ubao wa kupigia magoti. Dereva alipiga honi, nikafunga sanduku haraka nikatoka. Leo nimelifungua, nafasi ya jiwe iko wazi kama jino lililong'oka.

Naomba ukiliona ulifunge kwenye gunia, usiliangushe, usilioshe, usilipake mafuta, na umpe kondakta wa basi la asubuhi. Bila hilo siwezi kufanya kazi, na tarehe 30 mawe yetu yote yanakaguliwa makao makuu. Nimejaribu kupiga namba ya parokia. Inapokelewa na mtu anayesema nimekosea namba, tena kwa hasira.

Wako mtiifu,
Mkaguzi wa Mizani


Jumanne, 9 Juni

Bwana Mkaguzi,

Milele amina.

Jiwe lako lipo. Liko sakristia, kabatini, kati ya divai na mishumaa, limepata makao mazuri kuliko yangu. Nililifuta vumbi kabla barua yako haijafika. Kama nimepunguza uzito wa serikali, nisamehe. Hapa watu huniita Mama Funguo, kwa sababu funguo zote ninazo mimi, ya kanisa, ya sakristia, ya mnara wa kengele, na moja ambayo hakuna anayejua inafungua nini ila kila Padre mpya hukataa niitupe. Yule mwenye hasira kwenye simu ni kaka yangu. Namba yake na ya parokia zinapishana tarakimu moja, na amechoka kuulizwa saa za misa. Mimi mwenyewe simu siipendi. Mtu akiulizwa swali kwenye simu hukohoa kwanza apate muda. Kwenye barua kikohozi hakiandikiki.

Limenishangaza jambo moja. Mtu wa mizani amebeba sanduku siku mbili bila kuhisi limepungua kilo tano.

Jiwe nitalituma. Ila kwanza nina maswali, unisaidie, maana shule yangu iliishia darasa la tano, mengine nimejifunza kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sabuni. La kwanza: mnajuaje kama mizani inadanganya? La pili: kuipima huchukua muda gani? La tatu: ile mizani ya watoto ya zahanati yetu, yenye uso kama saa, inayoning'inia kwenye boriti, siku ile uliipimaje?

Nauliza kwa sababu nina mjukuu. Ni wa kike, ana miezi saba. Mama yake, binti yangu, ana zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo huniachia mimi mpaka mchana. Kila Jumatano nampeleka zahanati. Nesi humtia kwenye kile kisuruali cha turubai, humtundika, mshale unazunguka, nesi anaandika kwenye kadi na kusema, "Bibi, huyu anapanda vizuri." Jumatano uliyokuja wewe alisoma kilo sita na gramu mia nne. Tulishaondoka ulipofika, hatukuonana.

Kwenye kadi mtoto anapanda, Bwana Mkaguzi. Mikononi mwangu anashuka. Nimebeba watoto sita wa kuzaa, na ndoo za maji sijazihesabu. Mikono yangu haina stika ya kijani, lakini ina miaka mingi kazini.

Nijibu, jiwe lipande basi.

Mama Funguo


Jumamosi, 13 Juni

Mama Funguo,

Nashukuru sana kwa kunitunzia jiwe. Kuhusu sanduku, ni zito sana, kilo tano ndani yake si rahisi kuzihisi.

Majibu ni haya. Tunaweka kwenye mizani jiwe ambalo uzito wake unajulikana, tunatazama mshale. Jiwe la kilo tano likisoma tano, mizani ni nzima. Likisoma vingine, tunaifungia mizani mpaka itengenezwe. Hizi za kuning'inia zina springi ndani. Springi ikitumika sana huchoka, ikilegea mshale husoma zaidi ya uzito wenyewe, na huzidi kidogo kidogo kila mwezi. Kwa mizani kama hiyo ya zahanati, kazi nzima ni dakika kumi pamoja na kujaza fomu.

Kuhusu swali la tatu: mizani zote za mji wenu zimekaguliwa tarehe 3 Juni kwa mujibu wa taratibu. Stika ipo. Fomu ipo. Nesi ameweka sahihi. Kuhusu mjukuu, watoto wengi huonekana wepesi wakikaribia kutambaa. Ni kawaida.

Niliona lango la kanisa lenu limepauka. Nikipita tena naweza kuleta kopo la rangi, kama shukrani yangu. Sisemi zaidi, naamini tumeelewana. Naomba jiwe lipande basi la Jumatatu.

Mkaguzi wa Mizani


Jumatatu, 15 Juni

Bwana Mkaguzi,

Lango letu limepauka tangu nikiwa msichana, na watu hawajawahi kukosa pa kuingilia. Rangi baki nayo.

"Kwa mujibu wa taratibu" ni maneno yaliyonyooshwa pasi. Nimeyasoma mara tatu nikitafuta ndani yake neno "nilipima." Sijaliona.

Sasa nikwambie, maana nimechoka kukuzunguka kama inzi. Siku ile kanisa halikuwa tupu. Nilikuwa ndani ya kibanda cha maungamo, upande wa Padre, nimepiga magoti na tambara, nang'arisha mbao za chini. Ndoo uliyoiona ni yangu. Ulipoingia nilitaka kukohoa, ujue kuna mtu. Lakini ulishaanza kusema, tena kwa sauti. Ulisema: "Ee Mungu, ile ya watoto nimeibandika bila kuipima. Foleni ilikuwa ndefu, nesi kaniambia nisubiri akina mama waishe, nikaona gari litaniacha. Nisamehe, na mizani yenyewe iwe nzima tu." Baada ya hapo ningetokaje? Ningesema habari za mchana? Nikakaa humo humo. Goti langu la kulia linakulalamikia mpaka leo.

Kupitia kile kidirisha cha wavu naiona saa ya ukutani. Uliingia saa saba na dakika kumi. Honi ilipigwa saa nane kasoro dakika tano. Dakika arobaini na tano, Bwana Mkaguzi. Kupima, umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe, ni dakika kumi.

Nimekwenda kwa Padre bila kutaja mtu. Nikamuuliza: aliyesikia toba ya mwenzake kwa bahati mbaya anaruhusiwa kuisema? Akajibu kwamba huyo naye amefungwa mdomo, kama padre mwenyewe. Nikauliza, na kama padre hakuwepo? Akavua miwani. "Toba gani isiyo na padre?" Nikamwambia nilikuwa nauliza tu. Akasema, "Mama Funguo, wewe huulizagi tu." Kwa hiyo sijui kama nimefungwa au sijafungwa. Kibandani mtu alikuwepo, ila mtu mwenyewe ni mimi na tambara. Lakini najua hivi: maneno yale hukuniambia mimi, na kukuanika sitaki.

Basi njoo wewe. Keshokutwa ni Jumatano. Basi linafika saa nne asubuhi. Sema umefuata jiwe lako, ukaona ni vyema urudie kupima. Nani atakuuliza zaidi ya hapo? Nitakuwa kwenye foleni na nitanyamaza kama nguzo. Wiki iliyopita mshale ulisema kilo sita na mia nne tena, nesi akafurahi hajashuka. Tangu jana mtoto hanyonyi sawasawa.

Mama Funguo


Jumanne, 16 Juni

Mama,

Barua yako imenikuta ofisini. Nimeisomea chooni.

Yale niliyasema kwa Mungu, si kwako. Hukupaswa kuwa pale. Najua ni kanisa lako na ndoo yako, lakini hukupaswa kuwa pale.

Nina miaka kumi na tisa kazini. Nikienda tena kwenye zahanati ileile bila barua ya safari, mkuu wangu atauliza kwa nini, na nikijibu swali moja yatafuata kumi. Ratiba yangu inanipitisha kwenu tarehe 24. Hiyo ni wiki moja tu. Subiri wiki moja. Mizani ile yawezekana ni nzima kabisa, nyingi huwa nzima.

Na jiwe usilitoe kabatini. Ni chombo cha serikali. Asiye mkaguzi akilitumia kupimia ni kosa kisheria, na mimi sitaweza kukutetea. Sikutishi, mama. Nakuomba.

Mkaguzi


Alhamisi, 18 Juni

Bwana Mkaguzi,

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali kubwa, wodi ya watoto, kwa karatasi niliyopewa na karani wa wodi baada ya kunihakikishia mara mbili kwamba hana karatasi.

Barua yako nilipewa na kondakta jana, nikiwa tayari njiani kwenda zahanati. Mtoto mgongoni, jiwe kikapuni chini ya kitambaa cha altare kilichochakaa. Nilisimama katikati ya barabara nikaisoma. Nilipofika pale ulipoandika "wiki moja tu," nikaikunja nikaendelea kutembea.

Zamu yetu ilipofika, kabla ya mtoto nikalitia jiwe kwenye kisuruali, nikalitundika. Nesi akaniuliza, "Bibi, huyu naye ni mtoto wa nani?" Nikamwambia wa serikali. Akina mama wakacheka mpaka wakaamsha watoto. Kisha mshale ukatulia, na aliyekuwa karibu akaacha kucheka, halafu wote. Jiwe la kilo tano lilisoma kilo tano na gramu mia saba.

Nesi akalitoa, akalirudisha. Mia saba. Akagonga kioo kwa kidole. Mia saba. Akainama akasoma namba iliyochongwa ubavuni mwa jiwe, midomo ikicheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akachukua kadi ya mjukuu wangu na kalamu, akaanza kutoa. Kilo sita na mia nne ikawa tano na mia saba. Na miezi ile ya nyuma tuliyokuwa tunaambiwa anapanda, alikuwa amesimama palepale. Kilichopanda ni kulegea kwa springi. Kumbe kadi ilikuwa inaipima springi. Nesi alipomaliza kutoa hakuniita tena Bibi kwa utani. Alitoka nje kuita gari. Kisha akarudi, akawaambia akina mama wote watoe kadi.

Uliyoyasema kanisani sikuyasema. Neno hata moja. Nesi alitazama stika yako, tarehe 3 Juni, akanitazama mimi. "Hili jiwe umelipata wapi?" Nikajibu, "Mkaguzi aliniachia." Na kweli uliniachia. Naye akaelewa alivyoelewa: kwamba uliitilia shaka mizani, huna muda wa kurudi, ukaniachia mimi jiwe niirudie. Akasema, "Kumbe serikalini wapo wenye moyo." Anawaandikia wakuu wako barua ya kukushukuru. Nilikuwa na mtoto mkononi na gari linanguruma, sikuweza kumsahihisha. Sasa nafasi ninayo, ila nikimsahihisha nitakuwa nimesema nilichokisikia. Hilo nakuachia wewe.

Mjukuu amewekewa mpira puani. Binti yangu amekaa upande wa pili wa kitanda, anaikunja na kuikunjua ile kadi. Daktari nikimuuliza anasema tusubiri. Siku hizi kila mtu ananiambia nisubiri.

Mama Funguo


Jumanne, 23 Juni

Mama Funguo,

Barua ya nesi ilifika jana. Mkuu aliisoma mbele ya ofisi nzima, amesimama. Walipiga makofi. Mmoja akanipiga begani akasema, "Mzee, umetubeba." Nikasema asanteni. Nilisema asanteni, mama, kwa mdomo huuhuu.

Baadaye nilifungua daftari langu la safari tangu Januari. Zahanati yenu haikuwa ya kwanza. Kila mahali nilipokuta foleni ndefu nikabandika bila kupima, niliweka duara dogo pembeni, nikijiambia ni la kunikumbusha kurudi. Sijarudi hata kwenye moja. Nimehesabu maduara. Ni kumi na moja, mbali na lenu. Na jina la kila mji nikilitazama, nakumbuka kanisa lake: hili lina bati linalolia kukiwa na jua, hili lina benchi lenye msumari. Sasa najua kwa nini nilikuwa napenda sana makanisa yaliyo kimya.

Mtoto yupoje? Siwezi kufanya lolote mpaka nijue. Nimeanza mara mbili kumwandikia mkuu, mara mbili nimechana. Nikijua amepona nitapata nguvu ya kusema yote. Kesho ni siku niliyokwambia nitapita kwenu, lakini sitapita, sitaweza kumtazama nesi usoni. Niandikie hata mstari mmoja. Yupoje?

Mkaguzi


Ijumaa, 26 Juni

Mkaguzi,

Sikwambii.

Nimelifikiria hili njia nzima ya kutoka hospitali kuja kanisani. Nikikwambia amepona, utashusha pumzi, utasema Mungu amesaidia, na maduara kumi na moja yatabaki daftarini. Nikikwambia hakupona, utalia, utatafuta kanisa lililo kimya, na maduara kumi na moja yatabaki daftarini. Unataka nikupe habari za mtoto zikusukume mgongoni. Mimi nimeshabeba vya kutosha, sitakubeba na wewe.

Huko kwenye maduara yako kuna bibi wengine wenye mikono. Hawakukuta jiwe kwenye benchi, hiyo tu ndiyo tofauti yao na mimi. Leo wameambiwa wajukuu wao wanapanda vizuri.

Jiwe lako limepanda basi la leo, kwenye gunia. Sikuliosha, sikulipaka mafuta. Nenda kapime. Ukimaliza yote, njoo uniulize mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Kabla ya hapo usiniandikie, maana sitajibu, nawe unajua naweza kukaa kimya mahali pabaya kwa muda mrefu.

Mama Funguo


Jumatatu, 13 Julai

Mama Funguo,

Ulisema nisiandike mpaka nimalize. Nimemaliza, imebaki moja.

Tarehe 29 niliingia kwa mkuu na daftari. Nilimwambia tuanze na barua ya nesi, kwamba shukrani ile si yangu. Nikaeleza mpaka duara la mwisho. Alisikiliza huku anafungua na kufunga kifuniko cha kalamu. Kisha akaniomba stika zote na kitambulisho, akasema, "Ungenyamaza tu, mwakani ungepanda cheo." Mpaka sasa sijui kama lile lilikuwa lawama au ushauri. Shauri langu litasikilizwa mwezi wa tisa na sijui nitabaki na nini. Nesi wenu nimemwandikia pia, kwa jina langu, asiendelee kunishukuru. Kuhusu wewe nimesema tu kwamba ulikuta jiwe.

Kazi ya kurudia kupima alipewa mkaguzi mwingine, mwanamke mkali asiyependa maongezi ya garini. Mimi nilikwenda kama mbeba sanduku. Kila zahanati nilisimama mbele ya foleni nikasema: mimi ndiye niliyeweka hii stika, na sikupima.  Kwenye zahanati ya tatu, mama mmoja alitema mate karibu na kiatu changu, akaniuliza, "Ulikuwa unakimbilia wapi?" Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa nakimbilia kanisani, mama. Sikuweza kumwambia.

Katika kumi na moja, saba zilikuwa nzima. Nne hazikuwa. Moja ilizidisha kilo nzima. Tulikaa pale siku mbili na nesi wao tukisahihisha kadi kwa kadi. Watoto tisa wamepelekwa hospitali. Mama mmoja alikuja bila kadi na bila mtoto. Alisema kadi haihitaji tena tangu mwezi wa tano, amekuja tu kutazama hiyo mizani. Hakuna anayeweza kusema kama sababu ni mizani.  Aliitazama, akanitazama, akaondoka.

Sanduku sasa nalihisi, mama. Nikilinyanyua najua kama kila kitu kimo.

Mizani yenu imewekewa springi mpya, inasubiri kupimwa kwa jiwe. Jumatano tunakuja na basi la asubuhi. Nitakuuliza mdomo kwa mdomo kama ulivyotaka. Nimejiandaa kwa jibu lolote. Hapana, ngoja niache kudanganya: sijajiandaa.

Aliyekaa benchi la tatu


Jumatano, 15 Julai

Mwanangu,

Barua hii nimeiacha hapa, benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto, chini ya kitabu cha nyimbo, maana nakujua: ukishuka kwenye basi miguu itakuleta huku kwanza.

Usipige magoti. Geuka, toka, nenda zahanati, njia unaijua. Foleni leo ni ndefu, tena nesi kawaambia wote ni nani anayekuja, kwa hiyo wamekaa wanakusubiri wewe kuliko sindano. Watasema watakayosema. Yasikilize mpaka yaishe, hakuna gari litakalokuacha.

Mimi niko mwisho kabisa. Kila aliyekuja nimempisha apite mbele yangu, mpaka wakadhani nimechanganyikiwa. Nimebeba mtoto mwenye kofia ya manjano. Utamsikia kabla hujamwona, ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Alitoka hospitali Jumamosi, na huko amejifunza kuvuta watu pua. Nilikunyima habari zake na kunyima kwenyewe hakukuwa kwepesi. Mara mbili niliandika bahasha yako, mara mbili nikachana, kwa hiyo tuko sawa.

Mizani ikishapimwa kwa jiwe, na ikasoma tano, nesi atataka kumtundika. Mwambie angoje. Mbebe wewe kwanza. Mbebe vizuri, kwa mikono yote miwili, mpaka uhisi. Sema ni kilo ngapi, kwa sauti, akina mama wakusikie. Ndipo muutazame mshale.

Kusali utasali baadaye. Mlango nimeuacha wazi, na kile kibanda nimekikagua mwenyewe asubuhi hii. Hakuna mtu.

Mama Funguo